Mtoto wa Watu: Jinsi Filamu za Vita Zinavyohesabu Wafu

Mwaka 2002, kwenye kibanda umiza kimoja cha uswahilini Mwanza, nilitazama Black Hawk Down kwa mara ya kwanza. Mabenchi yalijaa, watoto wamekaa mkekani mbele ya televisheni, jasho linatutoka sote. Helikopta ya Kimarekani ilipoanza kumimina risasi juu ya Mogadishu, watoto wakaanza kuhesabu kwa sauti: "Kumi na mbili! Kumi na tatu!" Walikuwa wanahesabu Wasomali wanaoanguka. Walipofika thelathini na kitu hesabu ikawapotea, wakacheka, wakaacha. Baadaye mwanajeshi mmoja wa Kimarekani alijeruhiwa pajani, mwenzake akaingiza vidole kwenye jeraha kuutafuta mshipa uliokatika, asiupate. Kibanda kizima kilinyamaza. Mama mmoja aliyekaa nyuma karibu na mlango akasema polepole, "Maskini, mtoto wa watu."

Mtoto wa watu. Ukilitamka neno hilo, umekiri kwamba aliyelala pale ana mama mahali fulani, ana watu wanaomsubiri arudi, na msiba wake una wenyewe. Mama yule hakuwa na chuki na Wasomali. Filamu yenyewe ndiyo iliyomfundisha, kwa zaidi ya saa mbili, nani amlilie kama mtoto wa watu na nani amhesabu tu.

Nimekumbuka maneno yake kila ninaposikia ubishi unaozuka inapotoka filamu mpya ya vita. Mmoja atasema hii ndiyo filamu, imeonyesha vita vilivyo, ona damu ilivyomwagika. Mwingine atasema hiyo ni propaganda ya wazungu. Wa tatu atamaliza kwa kusema ni kisa cha kweli, wameandika wenyewe mwanzoni, kwa hiyo hakuna cha kubishana. Wote watatu wameshika kitu, lakini kipimo wanachotumia kinawadanganya.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Filamu ya vita, kwa maana ninayoitumia hapa, ni ile ambayo vita ndivyo vinavyoamua maisha ya wahusika wake, hata kama haina bunduki hata moja. Propaganda ni habari au picha iliyotengenezwa ili ukubaliane na upande fulani bila kupewa nafasi ya kuuliza. Ni kweli inaweza kuwa uongo, lakini mara nyingi ni ukweli uliokatwa nusu. Na bei ya vita kwa binadamu si idadi ya waliokufa peke yake. Ni mguu uliokatwa, shamba lililoachwa na kumea magugu, usingizi uliogoma kurudi miaka ishirini baada ya amani, binti aliyetekwa akarudi na mtoto mgongoni ambaye ukoo haujui umwite nani.

Sasa, filamu inawezaje kuonyesha kitu kama hicho? Wenye umri wangu watakumbuka redio. Nyumbani kwetu ilipofika saa ya taarifa ya habari, msomaji alikuwa akisema watu arobaini wamefariki katika ajali au mapigano nchi fulani, na sisi tunaendelea kula. Lakini yalipoanza matangazo ya vifo, bibi alitunyamazisha wote. "Bwana Fulani wa Shinyanga anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, kilichotokea jana. Habari ziwafikie wajomba wa marehemu walioko Tabora, shangazi yake aliyeko Kigoma, na ndugu, jamaa na marafiki popote walipo." Bibi hakumjua yeyote kati ya hao. Hata hivyo aliweka kijiko chini.

Taarifa ya habari ilitupa watu arobaini, tangazo likatupa mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa mzito. Tangazo lilimtaja jina, likamzungushia watu wake, kisha likasubiri kidogo kabla ya kwenda kwa mwingine. Ukitaka kujua kama filamu ya vita inamjali binadamu, itazame kwa macho hayo. Anayekufa ana jina? Ana watu? Na kamera inakaa naye muda gani akishaanguka?

Turudi Mogadishu. Mapigano yale ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993 yaliua wanajeshi 18 wa Marekani. Wasomali waliokufa wanakadiriwa kuanzia mamia kadhaa hadi zaidi ya elfu moja, wakiwemo watu wengi wasiokuwa na silaha. Mwishoni mwa filamu maandishi yanakiri kwamba Wasomali zaidi ya 1,000 walikufa, halafu yanaorodheshwa majina ya Wamarekani, mmoja mmoja. Hakuna uongo uliosemwa pale. Ila upande mmoja umepata tangazo la kifo, upande wa pili umepata sentensi moja ya taarifa ya habari.

Haya hayatokei kwa bahati mbaya, wala si lazima awepo mtu mwenye roho mbaya nyuma ya kamera. Filamu ya mapigano ina njaa ya vitu ambavyo jeshi pekee linavyo: helikopta, vifaru, meli. Wizara ya Ulinzi ya Marekani ina ofisi maalumu inayosoma miswada ya filamu na kuamua nani asaidiwe. Black Hawk Down ilipewa helikopta halisi za jeshi na marubani wake, wakasafirishwa hadi Morocco filamu ilikopigiwa. Platoon, iliyotoka mwaka 1986 na kuonyesha wanajeshi wa Kimarekani wakiwaua wanakijiji wa Vietnam, ilinyimwa msaada huo, ikatengenezewa Ufilipino. Anayekuazima jembe hukuwekea masharti ya kulima, na sharti zito kuliko yote ni lile lisiloandikwa, yaani kamera ikae upande gani wa barabara. Ikikaa nyuma ya bunduki ya askari, kila anayetokea mbele yake ni shabaha.

Na hapo ndipo stelingi anapoingia. Kila mtoto wa kibanda umiza anajua sheria kwamba stelingi hafi, au akifa, anakufa mwishoni kwa heshima zote. Sheria hiyo haina ubaya kwenye filamu za karate. Kwenye filamu ya vita inapindua ukweli wenyewe, kwa sababu vita havimjui stelingi. Mkurugenzi wa Kifaransa François Truffaut alidai kwamba haiwezekani kutengeneza filamu inayopinga vita kweli, kwa kuwa mapigano yakishawekwa kwenye skrini yanasisimua, upende usipende. Nadhani alizidisha. Lakini niliwaona watoto wakihesabu, kwa hiyo simpuuzi.

Vipi basi kuhusu damu? Watu wengi huamini filamu yenye damu nyingi ndiyo ya kweli zaidi. Saving Private Ryan ya mwaka 1998 karibu na mwanzo wake inaonyesha kutua kwa wanajeshi kwenye ufuo wa Omaha nchini Ufaransa, Juni 1944, na dakika zile ishirini na kitu ni za kutisha mno. Walitumika waigizaji wa ziada waliokuwa wamekatika viungo kweli. Filamu ilipotoka, idara inayohudumia wanajeshi wastaafu Marekani iliweka laini ya simu kwa wazee ambao filamu iliwatonesha madonda. Damu ile ilikuwa na kazi. Lakini ipo damu nyingine, ya kumwagwa kama rangi ukutani, ambayo baada ya nusu saa macho yanaizoea. Ukiona watu ishirini wanalipuliwa na wewe unatafuna karanga, usijilaumu haraka, pengine filamu haikukuonyesha mtu hata mmoja.

Filamu iliyonifundisha zaidi juu ya jambo hili ni ya zamani kuliko baba yangu. All Quiet on the Western Front ilitoka mwaka 1930, ikiwafuata vijana wa Kijerumani waliotoka darasani moja kwa moja kwenda Vita Kuu ya Kwanza. Kuna kijana amekatwa mguu, yuko hospitalini, anakaribia kufa, na chini ya kitanda ziko buti zake nzuri za ngozi laini. Rafiki anazitaka. Si mkatili, ni vile tu buti zake zinambana. Anazipata. Kisha tunaziona buti zile zikitembea, mwenye nazo anaanguka. Zinavaliwa na mwingine, anaanguka. Kamera inaangalia buti tu. Sekunde chache, hakuna utumbo uliomwagika, na sijaona bei ya vita ikielezwa kwa bidhaa ndogo kuliko ile.

Ndani ya filamu hiyohiyo, kijana Paul amejificha kwenye shimo la bomu. Mfaransa anaangukia humo, Paul anamchoma kisu kwa hofu. Mfaransa hafi upesi. Usiku mzima wako wawili shimoni, mmoja anakoroma roho ikitoka, mwingine anamnywesha maji, anamwomba msamaha. Akishakufa, Paul anafungua karatasi za mfukoni mwake, anakuta picha ya mke na mtoto. Anajua jina lake: Gérard Duval. Yaani muuaji mwenyewe ndiye anayelisoma tangazo la kifo.

Filamu hiyo ilipofika Berlin Desemba 1930, wafuasi wa Hitler wakiongozwa na Goebbels, mkuu wao wa propaganda, waliingia ukumbini, wakapiga kelele na kuachia panya weupe kati ya watazamaji. Siku chache baadaye ikapigwa marufuku Ujerumani. Walidai inalidhalilisha jeshi la Ujerumani. Wanaotaka kuanzisha vita vipya wana sababu ya kuiogopa filamu inayomwita adui kwa jina.

Wapo wanaosema basi tuachane na hadithi, tutazame filamu za hali halisi, kwa sababu kamera haidanganyi. Mwaka 1916 Waingereza walipiga picha mapigano ya Somme yakiwa bado yanaendelea, na filamu hiyo ikaonyeshwa kwa mamilioni ya watu nyumbani kwao mwaka huohuo. Kipande kilichowaliza wengi ni kile ambapo askari wanapanda kutoka handakini, na mmoja anateleza kurudi chini amekufa. Kipande hicho kiliigizwa, hakikupigwa vitani. Lakini nyuso za majeruhi na wafu wengine ndani ya filamu ni za kweli, na siku ya kwanza ya mapigano yale, tarehe 1 Julai, wanajeshi wa Uingereza zaidi ya 19,000 waliuawa. Kwa hiyo ndani ya filamu moja kuna kweli na igizo, vimeshonwa pamoja. Mtazamaji wa leo mwenye simu mkononi, anayetumiwa vipande vya vita kila siku, yuko kwenye hali ileile.

Hata bango la "kisa cha kweli" halimalizi ubishi. Hotel Rwanda ya mwaka 2004 imejengwa juu ya watu waliojificha na kuokoka hotelini Kigali, lakini sehemu kubwa ilipigwa Afrika Kusini, na baadhi ya manusura waliokuwa hotelini humo wamepinga hadharani namna meneja wa hoteli alivyopambwa kama shujaa. Ugumu wangu na filamu hiyo ni mwingine, na ni wa stelingi tena. Mauaji ya kimbari ya Rwanda yalichukua siku 100 tu, na wengi mno, karibu wote waliokimbilia makanisani na mashuleni, hawakuokoka. Filamu ikichagua mahali walipookoka, mtazamaji anatoka akiwa amepumua. Nawaelewa waliotaka tupumue. Ila pumzi hiyo haikuwepo.

Kitu kingine kinachotuchanganya ni kudhani vita huua kwa risasi. Vita huua kwa njaa, kwa kuhara, kwa homa, na kwa kutembea. Filamu iliyolionyesha hili kuliko zote ninazozijua ni ya katuni, na wazazi wengi wakiona katuni huwawashia watoto na kwenda jikoni. Usifanye hivyo na Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, iliyotoka Japani mwaka 1988. Ni mwaka 1945, mji wa Kobe umechomwa kwa mabomu ya moto, na Seita, mvulana wa miaka 14, amebaki na dada yake Setsuko wa miaka minne. Wana kopo la peremende. Peremende zinapungua. Zikiisha, Seita anatia maji koponi, anatikisa, anamnywesha dada yake maji yenye ladha ya utamu uliobaki. Baadaye anamkuta amelala anafyonza kitu mdomoni. Ni gololi, anadhani ni peremende. Akishakufa, mifupa yake inawekwa kwenye kopo lilelile. Mwandishi wa hadithi hiyo, Akiyuki Nosaka, alifiwa na mdogo wake kwa njaa baada ya mabomu hayohayo. Hakuna mapigano yoyote ndani ya filamu. Ndege zinapita juu, zinaangusha mabomu, basi.

Hapa ndipo panaponiuma, kwa sababu kufa kwa njaa na kwa kutembea ndiko kulikowaua watu wetu. Katika Vita Kuu ya Kwanza huku Afrika Mashariki, mizigo ilibebwa vichwani. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikuwa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi, njaa na uchovu. Kikosi chao kilikuwa Carrier Corps, na jina hilo lipo midomoni mwetu kila siku: Kariakoo ya Dar es Salaam, Kariokor ya Nairobi. Kwenye sanamu ya Askari ya mwaka 1927 iliyoko Dar es Salaam maandishi yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na yanaahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Majina yenyewe hayapo pale.

Filamu ipo. The African Queen ya mwaka 1951, iliyopigwa Uganda na Kongo, inahusu vita hivyohivyo, na meli ya Kijerumani inayotafutwa ndani yake ina ndugu yake wa kweli: Graf von Götzen, iliyoundwa Ujerumani, ikaletwa vipande vipande hadi Kigoma, ikazamishwa 1916, ikaibuliwa, ikawa Liemba tunayoijua Ziwa Tanganyika. Filamu inaanza na wanakijiji wakiimba kanisani na mmisionari wa Kiingereza. Wanajeshi wa Kijerumani wanafika, wanachoma nyumba, wanawaswaga watu. Mmisionari anapigwa, anapata homa, anakufa, anazikwa, analiliwa. Kisha dada yake na nahodha mlevi wanashuka mto, wanapendana, na hadithi inakuwa yao. Ni filamu nzuri, inachekesha, na Humphrey Bogart alipata Oscar kwa hiyo. Lakini wale waliokuwa wanaimba? Walipelekwa wapi? Nilipoitazama mara ya pili nilikaa nikiwasubiri hadi mwisho. Hawarudi. Kariakoo yote ilitoka kwenye fremu ndani ya dakika za mwanzo.

Wakati mwingine gharama haionekani kwa sababu filamu inaisha mapema, bendera inapanda, muziki unalia, watu wanakumbatiana. Mwaka 1946, mwaka mmoja tu baada ya Vita Kuu ya Pili, William Wyler alitengeneza The Best Years of Our Lives juu ya wanaume watatu wanaorudi nyumbani Marekani. Mmoja, Homer, amerudi na ndoano mbili za chuma badala ya mikono. Aliyeigiza ni Harold Russell, ambaye hakuwa mwigizaji. Alikuwa mwanajeshi aliyepoteza mikono yote miwili katika ajali ya mafunzo mwaka 1944. Usiku mmoja Homer anamwita mchumba wake chumbani, si kwa mapenzi, bali aone mwenyewe atakachoolewa nacho. Anavua ndoano zile, anaziweka kitandani, anaeleza kwamba kuanzia hapo mlango ukijifunga hawezi kuufungua. Binti anamfunga vifungo vya pajama. Yule ni mshindi wa vita. Upande wake ulishinda.

Na watoto waliobebeshwa bunduki? Rebelle ya mwaka 2012 ilipigwa Kongo, na msichana aliyeibeba, Rachel Mwanza, alikuwa ameishi mitaani Kinshasa kabla ya kuchaguliwa. Alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa kike Berlin mwaka huo. Anaigiza Komona, aliyetekwa akiwa na miaka 12 na kulazimishwa kuwapiga risasi wazazi wake. Ameanza kuua mwanzoni kabisa mwa filamu, na bado humuoni muuaji, kwa sababu sauti inayosimulia ni yake, anamsimulia mtoto aliye tumboni mwake. Kumpa mtu nafasi ya kusimulia ni zaidi hata ya kumpa jina.

Kuna filamu nyingine ya Rwanda, Shooting Dogs ya mwaka 2005, ambayo sikuijua hadi rafiki aliponiazima diski yake. Ilipigwa Kigali, kwenye shule ileile ya ufundi ambako tarehe 11 Aprili 1994 askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliondoka na kuwaacha zaidi ya watu 2,000, na karibu wote wakauawa. Nina malalamiko nayo. Wahusika wake wakuu ni Waingereza wawili, padri na mwalimu kijana, kana kwamba tusingejali bila wao. Nilikuwa nimeshanyanyuka kuzima televisheni majina ya watengenezaji yalipoanza kupanda.

Walikuwemo manusura wa kweli waliofanya kazi kwenye filamu ile. Wanatokea mmoja mmoja, wamesimama wanatazama kamera. Chini ya kila mmoja limeandikwa jina lake, kazi aliyoifanya kwenye filamu, na watu wake waliouawa. Baba. Mama. Kaka. Nilirudi kukaa, nikawasoma wote.